Shangazi, nashindwa hata kumwambia kondakta nishuke

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Busia, sasa niko Kampala. Nimeajiriwa kwenye duka la jumla pale Kikuubo. Kazi niliipata kwa ajili ya Kiswahili changu, maana wateja wetu wengi ni Wakongomani wa Bunia na Beni na watu wa Juba, na bosi wangu Kiswahili chake kinaishia kwenye "karibu" na "lete pesa". Kazi ni nzuri. Tatizo ni mimi.

Mteja akisimama mbele yangu nikiwa namwandikia risiti, mkono unaanza kutetemeka. Nikijua anautazama, unazidi. Siku hizi kitabu cha risiti nakipeleka nyuma ya maboksi ya sabuni, naandikia huko, narudi nimeshamaliza. Bosi akiniambia nimpigie simu mteja wa Arua, nasema mtandao unasumbua, kisha natuma ujumbe wa WhatsApp. Mchana wenzangu wanakula kwa mama mmoja pale uchochoroni, mimi nasema nimefunga. Mwaka huu nimefunga kuliko masheikh, Shangazi, na mimi ni Mkatoliki.

Jioni napanda taksi, hizi basi ndogo za abiria, za barabara ya Jinja, kwa kuwa naishi Banda. Kusema "maaso awo" ili dereva asimame kunanishinda. Maneno yanafika kooni, yanakwama. Nasubiri abiria mwingine aite. Asipotokea wa kuita, napitilizwa mpaka Kireka, nashuka na wengi, narudi kwa miguu. Halafu usiku sipati usingizi. Narudia kila nililolisema mchana, neno kwa neno, najiona mjinga.

Nyumbani wanasema mimi ni mpole, sina maneno. Mama anajivunia kabisa. Jirani yangu mlokole anasema ni pepo la woga, anataka nipelekwe kwenye mkesha nikaombewe mbele. Rafiki mmoja amenipa vidonge vya propranolol. Mwingine akaniambia glasi ya waragi, ile pombe kali yetu, inatosha, na kweli inatosha, ndiyo maana naogopa.

Sasa Desemba tuna kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kujitambulisha ukweni, kwao na mchumba wangu, upande wa Masaka. Najua bwana harusi haongei, mwogezi wetu ndiye anayeongea. Lakini ule wakati senga wake, yaani shangazi yake, atakapopita katikati yetu kunitafuta, anichomeke ua kifuani na hema zima linanitazama! Nimeshafikiria kusingizia ugonjwa ili tuahirishe. Mchumba hajui lolote kati ya haya. Je, huu ni ugonjwa au ni haya tu? Na nifanyeje?

Kijana wa Banda, Kampala


Marahaba, mwanangu.

Pale kwenye kufunga nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mtu anayeshinda na njaa ili asionekane akitafuna, huyo haya zimeshampita. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kukalia baraza hili nilikuwa muuguzi wa wodi ya akili, kwa hiyo nitakujibu kama muuguzi kwanza. Ushangazi utafuata.

Jambo lako lina jina. Madaktari wanaliita wasiwasi wa kijamii, mimi hapa nitasema hofu ya watu. Si jambo la kuzuka jana wala la watu wa mitandao. Daktari Isaac Marks na wenzake wa London walikuwa wakilichambua tangu miaka ya 1960, wakalitenga na hofu nyingine kama za nyoka au za sehemu za juu, na mwaka 1980 likaingia kwenye kitabu cha utambuzi cha madaktari wa akili wa Marekani kama ugonjwa unaojitegemea. Mara nyingi huanza mtu akiwa kijana mdogo, miaka ile ya sekondari. Wengi wao, ukiwauliza lini walianza kuwakwepa watu, wanakutajia darasa na mwalimu.

Tofauti yake na haya ni hii. Mwenye haya akifika harusini anakaa kimya, anainamisha kichwa, lakini sahani ya pilau ikishapita utamkuta anacheka na jirani yake. Haya huyeyuka watu wakizoeana. Hofu ya watu haiyeyuki. Inakuja kabla ya shughuli, inakaa nawe wakati wa shughuli, na inakufuata kitandani. Madaktari hutazama kama imeendelea kwa miezi 6 au zaidi, kama inakufanya ukwepe mambo au uyavumilie kwa mateso, na kama inakula maisha yako: kazi, masomo, ndoa. Wewe inakula chakula chako cha mchana na kila jioni inakutembeza kutoka Kireka. Mimi siwezi kukupima kwa barua, hiyo ni kazi ya atakayekaa nawe ana kwa ana, ila nisingeshangaa akiniunga mkono.

Shida yetu hapa Uganda, na hili nalisema kwa uchungu kidogo, ni kwamba hofu hii tunaipigia makofi. Mtoto asiyetazama watu usoni, anayejibu kwa sauti ya chini, asiyeuliza swali, tunasema amelelewa. Kijana asiye na maneno ni mchumba mwema. Kwa hiyo mgonjwa anasifiwa kwa ugonjwa wake, na mama yake anajivunia. Simlaumu mama yako. Ila usimngojee aone tatizo, kwa sababu yeye anaona mtoto mwenye adabu.

Tuje kwenye mkono. Umeniambia jambo muhimu bila kujua: nyuma ya maboksi ya sabuni unaandika vizuri. Basi mkono wako hauna ugonjwa wowote, na wala hakuna aliyekutupia kitu. Mwili ukiona hatari unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, viganja vinalowa, misuli inakaza. Kwa mwenye hofu ya watu, hatari hiyo ni macho ya watu. Ukiona mkono umeanza, unaishika kalamu kwa nguvu zaidi ili uuzuie, na misuli iliyokazwa hutetemeka zaidi. Hapo macho yako yote yameshahama kwa mteja, yako juu ya vidole vyako, na unachokiona ni picha uliyojichorea mwenyewe ya mtu anayechekwa.

Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili, David Clark na Adrian Wells, walieleza mzunguko huu vizuri sana, na tiba nyingi za leo zimejengwa juu ya maelezo yao. Walisema mtu wa namna yako ana mambo mawili yanayomfunga: anajitazama mwenyewe badala ya kuwatazama wengine, na ana ujanja mdogo mdogo wa kujikinga. Ujanja wako nimeuona: maboksi ya sabuni, mtandao unaosumbua, funga isiyo na Ramadhani, abiria mwingine wa kuita. Kila ujanja unakuokoa leo, na papo hapo unakunyima kujua kama kweli ulikuwa na haja ya kuokolewa.

Mimi nitakwambia mteja angefanya nini kama ungeandikia mbele yake. Angehesabu katoni. Mkongomani aliyetoka Bunia na pesa kiunoni, lori linamsubiri, anataka kujua umeandika 40 au 14. Mwandiko wako haumhusu.

Usiniamini kwa maneno matupu. Kuna jaribio maarufu la chuo kikuu cha Cornell, Marekani, lililochapishwa mwaka 2000 na Thomas Gilovich na wenzake. Waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kijana wa umri ule angeona aibu kuonekana nayo, wakawaingiza kwenye chumba chenye wenzao, kisha wakawatoa na kuwauliza: unadhani wangapi wameitambua fulana yako? Wavaaji walikisia karibu nusu. Walioitambua kweli walikuwa karibu robo. Na hao walikuwa wanafunzi wa kawaida, wasio na hofu ya kukwepa chakula. Hesabu yako wewe bila shaka imepita hapo.

Sasa kazi. Anza na taksi, usianze na duka, kwa sababu abiria wa taksi hukutani nao tena kesho. Kabla ya kupanda, andika kwenye simu yako unachoogopa, kwa maneno yako: "Watageuka wote. Kondakta atanicheka. Sauti itakatika." Ukikaribia Banda usimsubiri mtu. Ita wewe, "maaso awo," hata kama unaona yule mama mwenye kikapu naye anataka kushuka hapo hapo. Ukishaita, usiisikilize sauti yako ilivyotoka. Inua macho uangalie: nani amegeuka? Nani ameacha simu yake? Ukishuka, andika ulichokiona chini ya kile ulichoogopa. Fanya hivyo jioni baada ya jioni mpaka ikuchoshe. Na ikishakuchosha, ita kwa kuchelewa makusudi, dereva afunge breki na alalamike. Atalalamika. Madereva wa Kampala hulalamika hata ukiita mapema. Nataka ulalamikiwe, ufike nyumbani, uone umebaki mzima.

Dukani, mchague mteja mmoja unayempenda, yule anayekuletea habari za Beni, kitabu cha risiti kibaki juu ya kaunta. Kalamu ishike kwa ulegevu, mkono uache utetemeke kama unataka. Unaruhusiwa kumwambia, "Leo mkono wangu hautulii," kisha uendelee kuandika. Wengi wa aina yako huogopa siri kugundulika kuliko kutetemeka kwenyewe, na siri ukishaitangaza mwenyewe haina tena wa kuigundua. Baadaye, ukishapata nguvu, kosea tarehe makusudi, chana karatasi mbele ya mteja, andika nyingine. Simu ya Arua piga ukiwa umesimama karibu na wenzako, bila kuandika kwanza utakachosema. Chakula kaanze na mwenzako mmoja, chai na chapati.

Moyo utakwenda mbio mwanzoni, na huo si ushahidi kwamba umeshindwa. Ukikaa bila kukimbia, wenyewe unashuka. Ukikimbia ungali juu, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa.

Zile kesi za usiku zikate. Hazina shahidi wala hakimu isipokuwa wewe, na umeshajihukumu kabla hazijaanza. Zikianza, soma kile ulichoandika kwenye simu, hasa mstari wa "nilichokiona", basi.

Kuhusu vidonge. Propranolol ni dawa ya moyo na shinikizo la damu. Inapunguza mapigo na mtetemo kwa saa chache, na wapo wanamuziki na wahutubiaji wanaoandikiwa na daktari kwa ajili ya siku moja ya jukwaani. Hofu yako si ya siku moja, na kwa hofu iliyosambaa namna hiyo haijaonyesha faida. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya sana. Rafiki yako alikuuliza kama una pumu? Mrudishie. Zipo dawa zinazotumika kweli kwa ugonjwa huu, za jamii ya sertralini na escitalopramu, zinazoanza kusaidia baada ya wiki kadhaa na ambazo haziachwi ghafla. Hizo huandikiwa, hazigawiwi kwenye meza ya chai. Mwongozo wa Uingereza wa 2013 unatanguliza tiba ya mazungumzo, ile inayogusa fikra na matendo pamoja, na dawa zinakuja kwa anayezitaka au ambaye mazungumzo hayakumfaa. Hayo niliyokuelekeza juu kuhusu taksi na risiti ni kipande cha tiba hiyo hiyo, ila ukiwa na mtu aliyeisomea inakwenda haraka na salama zaidi.

Waragi umeshajijibu mwenyewe. Inafanya kazi, ndiyo hatari yake. Wanaume wengi waliokuja wodini kwetu kwa pombe, ukichimba, unakuta walianza na glasi moja kabla ya kwenda mahali penye watu.

Jirani yako mlokole ana nia njema, na sala siipingi. Lakini mtu anayeogopa kutazamwa, umsimamishe mbele ya mkesha mzima, awekewe mikono na kipaza sauti mdomoni? Akitetemeka watasema pepo anatoka. Mwombe akuombee nyumbani kwake, mlango umefungwa.

Pa kwenda papo. Hospitali ya akili ya Butabika, hapa Kampala, ipo tangu 1955, na najua jina hilo kwetu limekuwa tusi; mtu akichelewa kujibu anaambiwa ametoroka Butabika. Pana kliniki ya wagonjwa wa nje, watu wanakuja asubuhi na mashati yao ya ofisini, wanaonana na mtaalamu, wanarudi kazini. Hospitali ya Mulago pia wana huduma ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa kama Mbale, Masaka na Arua zina vitengo vyake, hivyo ndugu zako wa Busia wasifikiri lazima waje Kampala. Foleni itakutisha, najua. Enda na mtu mmoja, na shida yako iandike kwenye karatasi kama ulivyoniandikia mimi. Ukishindwa kusema, mpe karatasi. Hakuna muuguzi wa akili atakayeshangaa.

Sasa ushangazi. Kwanjula usiahirishe kwa uongo. Ukiahirisha mara moja, hofu itajua njia, na Januari itakuletea sababu nyingine. Fikiria vizuri siku yenyewe ilivyo. Mtaingia kundi zima, kanzu na koti, mmefanana, na sehemu kubwa ya siku ni waogezi wawili wanaobishana na kutozana faini za utani. Hao ndio watu watakaotazamwa. Wasikilize kweli, kwa sababu mwogezi mzuri wa Kiganda ni burudani, na ukiwa unamcheka huna nafasi ya kujikagua. Senga akianza kupita na ua lake, mtazame yeye. Angalia rangi ya gomesi yake, lile gauni la sherehe, namna anavyojifanya hakuoni, anavyomsogelea rafiki yako kwa utani na kumwacha. Akifika kwako, mwache achomeke. Uso ukiiva, hema litasema bwana harusi ana furaha. Siku chache kabla, vaa kanzu hiyo utembee nayo mtaani Banda mpaka dukani, ukanunue mkate.

Na mchumba umwambie, kabla ya siku hiyo. Si lazima hotuba. Mwambie, "Mimi nikitazamwa na watu wengi natetemeka, nimeanza kulishughulikia." Pengine ameshaona. Mwanamke anayekaribia kuolewa na mtu humchunguza kuliko wateja wote wa Kikuubo. Ila usimfanye abiria wa kukuitia kituo. Akianza kukuagizia chakula na kukupigia simu zako, mkatalie kwa upole.


Shangazi, binti yangu yuko S.2, mwaka wa pili wa sekondari, shule ya bweni. Walimu wanamsifu kwa utulivu, lakini hajawahi kunyoosha mkono darasani, na likizo aliniambia bwalo la chakula analiogopa, anakula biskuti bwenini. Mjomba wake anasema nimwombee uongozi wa darasa, atazoea kwa nguvu. Nifanyeje?

Mama wa Arua

Mama, umefanya vizuri kusikiliza habari ya biskuti.

Kwanza muulize, mkiwa jikoni mnachambua mboga na si mkitazamana, kama kuna mtu anayemsumbua huko bwaloni. Mtoto anayeonewa anakwepa bwalo kwa sababu nzuri, na hapo tiba ni kuzungumza na shule. Pili, mtazame akiwa na wenzake wa rika lake. Mtoto anayekuwa kimya mbele ya wakubwa tu ni mtoto wa Arua wa kawaida. Anayeganda hata mbele ya wasichana wenzake ndiye wa kupelekwa kitengo cha akili pale hospitali ya rufaa, na umri huu ni mzuri, hofu bado haijaota mizizi.

Mwalimu umwombe jambo dogo: ampe swali analolijua jibu, amwambie tangu jana kwamba atamwuliza, tena darasani, si kwenye paredi mbele ya shule nzima. Bwaloni aanze kwenda na rafiki mmoja. Na wewe mwenyewe, mkiwa sokoni akiulizwa jina, usimjibie. Subiri. Utaona ukimya unakuwa mrefu na utatamani kuukata, na muuzaji atakutazama. Subiri tu.

Uongozi wa darasa usiombe. Anayeogopa maji hatupwi ziwani. Huyo mjomba, kama ana hamu ya kazi, mwambie ampigie mtoto simu Jumapili ashindane naye kusimulia vichekesho.